Muislamu Kufunga Ndoa Kanisani: Sheria ya Kanisa, Sheria ya Nchi na Hukumu ya Fiqhi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah (SW), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), Ahli zake na Masahaba zake. Amma baad.

Maimamu wanaofanya kazi katika wilaya ambazo Waislamu ni wachache huulizwa mara kwa mara swali ambalo wenzao wa mwambao hawaulizwi ila kwa nadra. Kijana anamjia imamu na kusema: nimepata mchumba, ni Mkatoliki, wazazi wake hawana tatizo na mimi, lakini wanataka ndoa ifungwe kanisani. Je, nikubali? Na nikikubali, nitakuwa nimeoa?

Tuchukue mfano ili maneno yasielee hewani. Kijana Muislamu anafanya biashara ya vitunguu Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Wazee wake wametoka Kondoa. Anamposa binti wa Kiiraqw kutoka Kansay, kata ya wilaya ya Karatu, ambaye amebatizwa na kukulia katika Kanisa Katoliki. Mfano huu tumeutunga, lakini yeyote anayeijua Karatu anajua kwamba hauko mbali na yanayotokea. Wairaqw walienea katika nyanda hizo katika karne ya 20 wakitokea kwao Mbulu, wakiwa na dini ya wazee wao inayomtambua Lo'a kuwa Mungu na inayowaogopa Netlangw, mizimu ya majini. Wamisionari Wakatoliki waliwafikia, na eneo la Mbulu likafanywa eneo la kimisionari linalojitegemea mwaka 1943, kisha jimbo kamili mwaka 1953. Walutheri nao wana nguvu huko, na hospitali yao iko Karatu mjini. Uislamu ulifika kwa njia nyingine, yaani kwa wafanyabiashara, askari na wahamiaji waliokaa mijini na kwenye mashamba. Kwa hiyo familia yenye Mkatoliki, Mlutheri, Muislamu na babu asiyekuwa na dini yoyote kati ya hizo si jambo la ajabu.

Imamu anayeulizwa swali hili anahitaji kujua mambo matatu: Kanisa lenyewe linasema nini, serikali inasema nini, na fiqhi inasema nini. Wengi wetu tunaijua fiqhi kidogo, tunaisikia sheria ya serikali kwa mbali, na sheria ya Kanisa hatuijui kabisa. Matokeo yake tunamjibu kijana kwa ukali bila ya elimu, naye anaondoka na kwenda kumsikiliza mtu mwingine.

KANISA LINASEMA NINI

Kanisa Katoliki lina kitabu cha sheria kinachoitwa Sheria Kanoni. Kinachotumika leo kilitangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, kikachukua nafasi ya kile cha 1917. Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sheria hiyo inamfunga Mkatoliki. Padri hana mamlaka ya kuwafungisha ndoa watu wawili ambao hakuna hata mmoja wao aliye Mkatoliki. Wachumba wawili Walutheri wa Kansay wakilipenda kanisa la parokia kwa uzuri wake, paroko atawarudisha kwa mchungaji wao. Waislamu wawili ndiyo kabisa. Zipo ruhusa za pekee kwa Wakristo wa makanisa ya Mashariki wasioweza kumpata padri wao, na huko Japani maaskofu Wakatoliki wamekuwa wakiruhusu hata wachumba wasiokuwa Wakristo kufanyiwa ibada ya ndoa kanisani baada ya mafunzo. Kwetu Afrika Mashariki mlango huo haupo, kwa hiyo tusiurefushe.

Ama pale mmoja wao anapokuwa Mkatoliki, sheria inatofautisha hali mbili. Akiwa anaoana na Mkristo wa dhehebu lingine aliyebatizwa, anahitaji ruhusa ya askofu. Asipoipata amekosea, lakini kukosekana kwa ruhusa peke yake hakuibatilishi ndoa. Akiwa anaoana na mtu asiyebatizwa, Muislamu akiwa miongoni mwao, jambo ni zito zaidi. Tofauti ya dini ni kizuizi kinachoibatilisha ndoa yenyewe mpaka askofu akiondoe. Hayo yamo katika kanuni ya 1086. Basi maombi yanaandikwa na paroko, yanapelekwa jimboni, na bila ya jibu la huko padri hawezi kuendelea.

Ili kizuizi kiondolewe, kanuni ya 1125 inaweka masharti. Mchumba Mkatoliki atamke kwamba yuko tayari kujiepusha na hatari ya kuiacha imani yake, na aahidi kwa dhati kufanya kila awezalo ili watoto wote wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mchumba asiyekuwa Mkatoliki aarifiwe ahadi hiyo mapema, ili ajue mwenzake amejifunga na nini. Na wote wawili wafundishwe makusudio ya ndoa na sifa zake za lazima ambazo hakuna kati yao anayeruhusiwa kuzikataa. Sifa hizo ni mbili: mume mmoja na mke mmoja, na kutokuvunjika.

Hapa pana jambo ambalo wazee wetu wengi hawakuarifiwa. Chini ya sheria ya 1917 ahadi kuhusu watoto ilitakiwa kwa wote wawili. Muislamu mwenyewe alitia saini kwamba watoto wake watabatizwa. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alibadilisha utaratibu huo, na tangu hapo anayeahidi ni Mkatoliki peke yake. Muislamu anaarifiwa tu. Kwa hiyo kijana akiletewa karatasi, aisome vizuri: je, anatia saini kwamba amearifiwa, au anatia saini kwamba ameahidi? Ni vitu viwili tofauti mbele ya sheria yao, na mbele ya Allah pia.

Jambo la pili ni kwamba sheria hiyo haimlazimishi Muislamu kubatizwa ili amuoe Mkatoliki. Kijana akiambiwa na mashemeji au na katekista kwamba lazima kwanza aingie mafundisho na kubatizwa, ajue kwamba huo ni utashi wa watu. Maana yote ya kukiondoa kizuizi cha tofauti ya dini ni kwamba mmoja anabaki bila ubatizo. Ni wangapi wametoka katika Uislamu wakidhani hapakuwa na njia nyingine ya kumpata mke! Na lau wangeuliza, hata paroko angewaambia ipo.

La tatu ni kwamba ndoa hiyo, hata ikifungwa kanisani kwa utaratibu wote, kwa Wakatoliki wenyewe si sakramenti, kwa sababu sakramenti ya ndoa kwao ni baina ya wawili waliobatizwa. Ibada yake ni fupi, na kitabu chao cha ibada kinampa asiyebatizwa nafasi ya kuacha kutaja Utatu wakati wa kuvishana pete. Wazazi wanaong'ang'ania kanisani wakidhani binti yao atapata sakramenti, hiyo hataipata kwa ndoa ya namna hii.

La nne ndilo lenye manufaa makubwa zaidi kwa imamu. Kanuni ya 1127, ambayo kanuni ya 1129 inaifanya itumike pia kwa ndoa ya Mkatoliki na asiyebatizwa, inamruhusu askofu kumsamehe Mkatoliki sharti la kufunga ndoa mbele ya padri pakiwa na uzito mkubwa, maadamu ndoa inafungwa kwa utaratibu fulani wa hadhara. Maana yake ni kwamba binti wa Kansay anaweza, kwa idhini ya askofu wake, kufunga ndoa bomani au hata mbele ya imamu, na Kanisa lake likaihesabu kuwa ni ndoa sahihi. Hatengwi na jumuiya yake wala hanyimwi komunyo kwa sababu hiyo. Idhini hii haipatikani kwa kuiomba tu, na askofu anaweza kuikataa. Lakini mlango upo, na umeandikwa katika sheria yao. Kijana aliyeambiwa kwamba ni kanisani au basi, hakuambiwa yote.

Kanuni hiyo hiyo inakataza kufanya ibada mbili za kidini, moja kabla na nyingine baada, ambapo watu wanatoa ridhaa ya ndoa mara mbili. Tutarudi kwenye hili.

Tusidhani kwamba Kanisa linazikimbilia ndoa hizi. Mwaka 2004 Vatikano ilitoa waraka kuhusu wahamiaji ambao ndani yake Wakatoliki wanashauriwa kujiepusha na kuoana na wasiokuwa Wakristo, na mwanamke Mkatoliki kuolewa na Muislamu kukatajwa kwa namna ya pekee. Sababu wanazozitaja zinafanana na za wanavyuoni wetu: malezi ya watoto, na dini ya aliye dhaifu kati ya wawili.

SHERIA YA NCHI

Tanzania Bara ndoa zote zinatawaliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotanguliwa na waraka wa serikali wa 1969 ambao Waislamu wengi waliupinga. Sheria hiyo haiangalii dini za wachumba katika kuruhusu au kukataza. Inatambua ndoa ya bomani, ya kanisani, ya Kiislamu na ya kimila, na inamtaka kila anayefungisha awe na leseni na aisajili. Notisi ya siku 21 inahitajika kabla ya ndoa.

Ambacho kijana wetu hakijui ni kwamba mahali anapofungia ndoa panabadilisha aina ya ndoa aliyonayo. Kifungu cha 10 kinaichukulia ndoa iliyofungwa Kiislamu kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyofungwa kanisani au bomani inachukuliwa kuwa ni ya mke mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mwanamume aliye katika ndoa ya mke mmoja haruhusiwi na kifungu cha 15 kufunga ndoa nyingine. Akienda miaka kumi baadaye kwa imamu wa mji mwingine akaoa mke wa pili, na imamu yule hakuuliza, mke huyo wa pili si mke mbele ya serikali. Wanaoumia ni huyo mama na watoto wake, siku mume atakapofariki na jamaa kukaa kugawana shamba. Ndoa inaweza kubadilishwa kutoka aina moja kwenda nyingine, lakini kwa tamko la hiari la mume na mke wote wawili mbele ya hakimu.

Talaka nayo ni hivyo hivyo. Kifungu cha 107 kina utaratibu maalumu kwa waliofunga ndoa Kiislamu: baraza la usuluhishi likithibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mume akatoa talaka au likafanyika jambo lingine linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inaandika kwamba ndoa imevunjika na kutoa amri. Utaratibu huu unawahusu walioozeshwa Kiislamu tu. Aliyefunga kanisani hana njia hiyo. Atatakiwa aithibitishie mahakama kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, kama Mkristo yeyote, na talaka aliyoitamka nyumbani haihesabiwi kuwa ndiyo iliyoivunja.

FIQHI: JE, HIYO NI NIKAHI?

Sasa tufike kwenye msingi. Yapo maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, mwanamke huyu ni halali kuolewa? Na je, akdi iliyofanyika kanisani ni akdi ya nikahi?

Ama swali la kwanza, aya ya 5 ya Suratul Maida imewahalalishia Waislamu wanawake waliohifadhika miongoni mwa waliopewa Kitabu kabla yetu. Masahaba waliifanyia kazi. Uthman bin Affan (RA) alimuoa Naila binti Al-Farafisa, mwanamke wa kabila la Kalb aliyekuwa Mnasara, kisha akasilimu. Hudhayfa bin Al-Yaman (RA) alimuoa Myahudi, na Umar (RA) akamwandikia amwache. Hudhayfa aliuliza kama ni haramu, na jibu la Umar likawa kwamba hasemi ni haramu, ila anachelea matokeo yake. Kisa hiki kina mafunzo mengi kwa imamu. Khalifa alikataza kwa maslahi bila kuibadilisha hukumu ya Allah, wala hakumwambia Sahaba kwamba anaishi katika zinaa. Abdullah bin Umar (RA) yeye aliichukia ndoa hiyo akitazama ujumla wa aya ya 221 ya Suratul Baqara, lakini jumhuri ya wanavyuoni wanaiona aya ya Maida kuwa imewatoa Ahlul Kitab katika ujumla huo.

Hata hivyo sisi wa Afrika Mashariki ni Mashafi, na katika madhehebu ya Imam Shafi (Allah amrehemu) kuna sharti ambalo wengi wanalisoma darasani kisha wanalisahau msikitini. Mwanamke asiyekuwa wa kizazi cha Israil hahalaliki kwa Ukitabu mpaka ijulikane kwamba wazee wake waliingia katika dini hiyo kabla haijafutwa kwa kuja Mtume Muhammad (SAW). Hivi ndivyo ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi na sherehe zake. Sasa tazama Kansay. Babu wa binti huyu alibatizwa katika karne ya 20, na baba wa babu huyo alikuwa akimuomba Lo'a. Kwa kauli ya Minhaj binti huyu si Kitabiya anayeoleka, hata akisali kanisani kila Jumapili. Na si yeye tu. Takriban Wakristo wote wa bara letu, ukiwaacha Wahabeshi na Makibti, wanaingia katika hukumu hiyo.

Mzozo huu ni wa zamani. Uliwahi kutokea kwa Waarabu wa Banu Taghlib, kabila lililoingia Unasara. Ali (RA) hakuwaona kuwa ni Wanasara kweli, kwa kuwa hawakuchukua katika dini hiyo ila ulevi, akavikataa vichinjwa vyao. Ibn Abbas (RA) akawahesabu kuwa ni katika Wanasara kwa sababu wamejiunga nao na kuwafanya wenzao. Imam Shafi alielekea upande wa kwanza kuhusu Waarabu. Imam Abu Hanifa na Imam Malik hawakuangalia nasaba, na ndiyo kauli mashuhuri kwa Mahanbali. Ibn Taymiyya ameitetea kwa urefu. Hoja yao ni kwamba mtu anahukumiwa kwa dini aliyo nayo leo, na kwamba aya haikuuliza wazee waliingia lini. Na Naila mke wa Uthman alikuwa wa kabila la Kiarabu, wala haikupokewa kwamba aliulizwa historia ya ukoo wake.

Mwandishi anaiona kauli hii ya pili kuwa na nguvu zaidi, nayo ndiyo inayofuatwa na wengi wa maulamaa wa zama hizi. Lakini imamu anayefungisha ndoa ya namna hii kwa jina la madhehebu ya Shafi inampasa ajue kwamba yuko nje ya madhehebu, na kwamba amechukua kauli ya maimamu wengine kwa hoja. Asishangae pia akikutana na sheikh mzee anayekataa kuifungisha. Sheikh huyo ana kitabu mkononi.

Limebaki sharti la kuhifadhika, yaani awe mwanamke mwenye staha, na la kuwa kweli ni mwenye dini hiyo. Binti wa jina tu la Maria ambaye haamini chochote, au anayekwenda kwa waganga kutambikia mizimu, hilo ni jambo lingine.

Tuje kwenye akdi. Kwa Mashafi nguzo za nikahi ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Tazama kinachofanyika kanisani. Padri anauliza ridhaa, kisha mwanamume na mwanamke kila mmoja anamtamkia mwenzake kwamba anampokea. Baba wa binti yupo, pengine amemshika mkono mpaka mbele, lakini hatamki lolote. Hakuna ijabu ya walii wala kabuli ya mume kwake. Wasimamizi wa ndoa ni wawili, kwa kawaida mwanamume na mwanamke, tena Wakristo, na Mashafi wanataka mashahidi wanaume wawili Waislamu waadilifu hata kama mke ni Kitabiya. Basi kwa madhehebu ya Shafi jambo hilo si nikahi. Kwa Mahanbali pia si nikahi, kwa kukosekana walii na mashahidi Waislamu. Na kwa Wamaliki linabatilishwa na kukosekana kwa tamko la walii.

Kwa Mahanafi mambo yanakuwa membamba zaidi. Mwanamke baleghe mwenye akili anaweza kujiozesha mwenyewe, na Abu Hanifa na Abu Yusuf walijuzisha ushahidi wa dhimmi wawili Muislamu anapomuoa dhimmi, ingawa Muhammad bin Al-Hasan na Zufar waliwakhalifu. Mwanamume mmoja na mwanamke mmoja hawatoshi kuwa mashahidi, lakini kanisa zima limesikia. Sharti batili, kama la kutoacha kabisa, kwao halibatilishi nikahi, bali sharti ndilo linaloanguka. Kwa hiyo aliyekwisha kufunga ndoa kanisani kwa ujinga na akaishi na mkewe, haifai imamu akurupuke na kumwita mzinifu na watoto wake kuwaita wa haramu. Kuna khilafu, kuna shubha, na nasaba ya watoto inathibiti kwa shubha hata kwa wanaoibatilisha akdi. Afungishiwe nikahi ya Kiislamu, aombe maghfira, basi.

Ama anayeuliza kabla hajafanya, jibu ni hapana. Hata tukiiacha akdi yenyewe, kusimama katika ibada ya dini nyingine kama mshiriki si sawa na kuhudhuria harusi ya jirani. Na kuna suala la ukweli. Kijana huyu atafundishwa kwamba ndoa ni ya mke mmoja na haivunjiki, na ataulizwa kama anakubali. Akisema ndiyo huku moyoni ameweka kwamba talaka ni haki yake, amedanganya. Isitoshe, kwa kanuni ya 1101 mtu anayeikataa moja ya sifa hizo katika ridhaa yake ndoa yake ni batili kwa Kanisa lenyewe. Na akisema ndiyo kwa kuamini kwamba talaka haipo kabisa, amekanusha kilichothibiti katika Qur'an. Sioni njia ya tatu.

Wapo wanaosema: tutafunga kanisani mchana ili kuwaridhisha wakwe, kisha usiku tutamwita sheikh nyumbani. Huu mtindo wa ndoa mbili una madhara kila upande. Binti anavunja katazo la Kanisa lake tulilolitaja, na pengine hakuambiwa. Kwa serikali ndoa iliyosajiliwa ni ile ya kanisani, ya mke mmoja. Siku mume atakapoacha kwa tamko lake, kwa fiqhi mke ameachika na eda inahesabiwa, kwa serikali bado ni mke, na kwa Kanisa lake hawezi kuolewa. Mwanamke mmoja, hali tatu. Imamu anayeitwa usiku kwa kazi hiyo aulize kwanza mchana kulifanyika nini.

Nini basi kifanyike? Nikahi ifungwe Kiislamu, hadharani, na isajiliwe. Baba wa binti ndiye walii wake. Katika madhehebu ya Shafi asiyekuwa Muislamu ni walii wa binti yake asiyekuwa Muislamu, hata kama mume ni Muislamu. Hili huwapendeza wazazi wa Kiiraqw wanapolijua, kwa sababu wengi wanadhani msikitini mzazi Mkristo hana nafasi. Kumbe ndiye atakayetamka kuoza, wakati kanisani angekaa kwenye benchi. Mahari yaelezwe vizuri: ng'ombe au fedha wanazopewa wazazi kwa mila ni jambo moja, na mahari ya binti ni haki yake mwenyewe, haiingii mfukoni kwa mjomba. Wazazi wakiogopa mke wa pili, Mahanbali wanajuzisha kuweka sharti katika akdi kwamba mume hatamuolea, na akivunja mke ana hiari ya kufasihi ndoa. Hofu hiyo ya wazazi si ya kudharauliwa, na fiqhi ina jibu lake. Kisha binti, akitaka kubaki vizuri na Kanisa lake, mwenyewe aende kwa paroko wake kuomba idhini tuliyoitaja. Hiyo ni kazi yake na paroko wake.

WATOTO NA MIRATHI

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote. Binti akiomba idhini ya askofu, hata kama nikahi itafungwa na imamu, ile ahadi ya kufanya awezalo ili watoto wabatizwe inabaki palepale. Na kwa fiqhi mtoto wa Muislamu ni Muislamu, na baba ataulizwa juu yake. Ahadi mbili zinagongana ndani ya nyumba moja. Sheria ya Kanisa inasema "kufanya awezalo", haisemi ndoa inavunjika akishindwa. Lakini mke mwenye imani ataichukulia kwa uzito, na ana haki ya kujua tangu mwanzo kwamba mumewe hatakubali. Hili lizungumzwe kabla ya posa, mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Lisiachwe mpaka mtoto wa kwanza azaliwe na bibi yake aje kutoka Kansay kuulizia ubatizo.

Anayedhani ni maneno tu aangalie mirathi. Kwa hadithi ya Usama bin Zayd (RA), iliyo katika Bukhari na Muslim, Muislamu na asiyekuwa Muislamu hawarithiani. Mke Kitabiya hamrithi mumewe. Watoto wakilelewa kanisani na wakakua Wakristo, nao hawamrithi baba yao. Mzee anaweza kufa na ekari zake Mang'ola zikaenda kwa ndugu zake wa Kondoa ambao hawakuwahi kushika jembe huko. Mke dawa yake ipo: kwa kuwa si mrithi, mume anaweza kumuusia mpaka theluthi ya mali yake, na anaweza kumpa hiba akiwa hai na mzima. Imamu amwambie kijana siku ile ile ya akdi, na wasia uandikwe. Na mahakama za Tanzania zinapogombaniwa mirathi huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Cheti cha ndoa ya kanisani kikiletwa mezani, ndugu wanaotaka mirathi ya Kiislamu watapata kazi.

MWANAMKE MUISLAMU, NA WANAOSILIMU

Ama binti wa Kiislamu anayetaka kuolewa na Mkatoliki, kanisani au bomani, hukumu iko wazi kwa aya ya 221 ya Suratul Baqara, aya ya 10 ya Suratul Mumtahana, na kwa ijmaa. Serikali itamsajili, Kanisa, likiondoa kizuizi, litamfungisha. Kwa Uislamu hakuna akdi hapo. Mume akisilimu baadaye, haitoshi kusema ndoa inaendelea. Inafungwa akdi mpya, kwa sababu ya kwanza haikuwahi kuwa.

Hili lisichanganywe na hali ya watu wawili waliooana wakiwa Wakristo, kisha mmoja akasilimu, jambo linalotokea Karatu na kwingineko. Ndoa yao ya kanisani tunaikubali kama ilivyo, wala hatuwaulizi walii wala mashahidi, kama Mtume (SAW) alivyowaacha waliosilimu juu ya ndoa zao. Mume akisilimu na mke akabaki Mkristo, kwa kauli isiyoangalia nasaba ndoa inaendelea. Kwa kauli ya Minhaj tuliyoieleza, inasubiri mke asilimu ndani ya eda. Mke akisilimu na mume akabaki, Mashafi wanasema inasubiriwa eda: akisilimu ndani yake ni mkewe, isipokuwa hivyo wametengana tangu siku aliyosilimu. Ibn Al-Qayyim ana kauli pana zaidi, kwamba mke akitaka kumngoja mumewe hata baada ya eda anaweza, bila ya kukaa naye kama mume, akitoa hoja kwa kisa cha Zaynab (RA) binti wa Mtume (SAW) na mumewe Abul As, aliyesilimu baada ya miaka. Wapokezi wamehitilafiana kama Zaynab alirudishwa kwa nikahi ya kwanza au mpya, na upokezi wa Ibn Abbas unasema ya kwanza.

Mwanamke wa namna hii bado ana cheti cha ndoa cha kanisani, na kwa sheria ya 1971 ni mke wa mtu mpaka mahakama iseme vinginevyo. Imamu asimuozeshe kwa mwanamume mwingine kwa sababu tu eda imekwisha. Ampeleke kwanza baraza la usuluhishi, kisha mahakamani, apate amri ya kuvunjika kwa ndoa, ndipo aozeshwe.

Wallahu a'lam.